Salamu na Kichuma cha Nella

Nella alikuwa anakunywa uji wa asubuhi nyumbani kwao Kanyosha. Mara akaacha kunywa, akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi yake, Daphrose, alimwona.

"Fungua mudomo," Bibi alisema.

Nella akafungua. Kichuma kimoja cha kunyoosha meno kilikuwa kimebanduka. Kilining'inia kwenye waya wake.

"Tena? Juzi tu Dokta alikibandika! Umekula mahindi ya kuchoma?"

"Apana, Bibi. Sijakula."

"Mutoto wa kusema uongo simutaki. Tutaenda Dokta atoe vyuma vyote!"

Nella alilia. Meno yake yalikuwa yamepandana, na kwa miaka mingi alicheka akiwa ameziba mdomo. Aliogopa kuvipoteza vyuma vyake. Lakini kuitwa mwongo na Bibi, aliyemlea tangu uchanga, kulimuuma zaidi.

Walienda kliniki, mtaa wa Asiatique. Daktari wa meno, Léocadie, alilitazama jino kwa makini.

"Mama, mutoto hajavunja kitu. Ni gundi haikushika," alisema. "Nella, siku ile nilipaka jeli, nikaosha jino, nikalikausha. Nikageuka kuchukua gundi. Ulifunga mudomo, mate ikagusa jino?"

Nella alimtazama Bibi, akainamisha kichwa.

"Sema, mwanangu. Hakuna mutu atakugombeza," daktari alisema.

"Bibi aliingia," Nella alisema kwa sauti ndogo. "Akanisalimia. Nikaitika."

Bibi ndiye aliyemfundisha Nella kwamba mkubwa akikusalimia, unaitika. Sasa mtoto wa watu angefanya nini?

"Kumbe ni mi," Bibi alisema. Akamvuta Nella kifuani. "Na nilikuita muongo. Unisamehe, mujukuu wangu." Kisha akamgeukia daktari. "Lakini Dokta, mate kidogo tu inaangusha chuma?"

"Ndiyo, Mama. Jino liko na ganda gumu la nje, linaitwa enameli. Linateleza, gundi haishiki pale. Fundi akitaka plasta ishike ukuta wenye kuteleza, anafanya nini?"

"Anaukwaruza kwanza."

"Basi na mi nafanya vile. Nasafisha jino, halafu napaka jeli ya asidi."

"Asidi! Kama ya betri?"

Daktari alicheka. "Apana, Mama. Hii ni ya meno. Inakaa muda mufupi, halafu naiosha na maji mengi. Inaacha vitundu vidogo sana, macho haiwezi kuviona. Gundi inaingia mule, inashika. Mate ikigusa jino mbele ya kupaka gundi, inaharibu ile kazi. Lazima kuanza upya. Na mi pia nilikosa. Ningeangalia kwanza kama jino bado ni kavu."

Kazi ikaanza upya. Daktari alisafisha jino, akapaka jeli, akaosha, akakausha. Sehemu ile ikawa nyeupe kama chaki. Nella alikaa mdomo wazi, na Bibi alimshika mkono.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Adolphe, mgonjwa aliyefuata, alichungulia. "Amahoro!" alisalimia.

Vidole vya Nella vilishtuka mkononi mwa Bibi. Bibi akavibana kwa upole.

"Amahoro, Mzee," alijibu Bibi. "Utusamehe, huyu mutoto atakuitikia nyuma, kazi ikiisha. Sasa jino lake haliruhusu."

Daktari alipaka gundi, akabandika kichuma, akakimulika kwa taa ya buluu mpaka gundi ikakauka.

"Imeisha. Funga mudomo."

Nella alimgeukia mzee. "Amahoro, Babu!" Wote wakacheka.

Miezi ilipita. Kichuma hakikubanduka tena, na meno yakaanza kukaa kwenye mstari. Jioni moja Bibi alirudi kutoka sokoni, akasalimia akiwa bado mlangoni. Nella akaitika huku akicheka. Bibi akasimama pale pale na kikapu chake, akimtazama. Mkono wa mtoto haukwenda mdomoni.