Pasi ya Nywele kwenye Betri ya Samaki

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa chai, Kerusha Perumal alisugua kioo cha tangi la samaki, akaongeza maji yaliyopungua, kisha akawanyunyizia samaki chembe chache za chakula. Kazi hiyo aliifanya huku amebetua midomo. Tangi lilikuwa la mama yake. Lilichukua ukuta mzima wa sebule yao pale mjini Verulam, likiwa na maji ya chumvi, matumbawe ya zambarau na ya kijani, samaki wadogo wenye mistari, na samaki mkubwa wa bluu aitwaye kangaja, aliyezungukazunguka humo kama mwenye nyumba. Tumbawe kubwa la katikati, ambalo sasa lilikuwa pana kama sahani, lilipoletwa halikuzidi kifungo cha shati. Vasantha, mama yake Kerusha, alikuwa mfamasia hospitalini, na watu walisema anawajua samaki wake kuliko anavyowajua wagonjwa.

Kerusha hakuwachukia samaki. Aliwadharau tu, kama alivyodharau mambo mengi: begi la mwalimu wa hesabu, viatu vya wenzake, roti za shangazi yake zisizokuwa duara. Kitu alichokiheshimu pale nyumbani ni betri. Ilikuwa betri kubwa nyeupe, imefungwa kwenye ukuta wa gereji pamoja na inveta yake, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na fundi aliyeifunga aliitwa Sagren. Mgao wa umeme ulipofika, mtaa mzima ulizimika, lakini pampu za tangi lao ziliendelea kuyasukuma maji kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kwetu giza ni la majirani," Kerusha alipenda kuwaambia wenzake.

Jirani aliyemdharau kuliko wote ni Tashmika, msichana wa darasa lake aliyekaa nyumba ya pili. Tashmika naye alikuwa na tangi la maji ya chumvi, dogo kiasi cha kukaa juu ya meza ya kusomea. Umeme ukikatika, aliwasha kipampu cha hewa kinachotumia betri za tochi, kikawa kinakoroma na kutoa mapovu.

"Samaki wako wanaishi au wanangoja mazishi?" Kerusha alimuuliza siku moja mbele ya darasa.

"Wanaishi," Tashmika akajibu. "Na wananijua. Wa kwenu wanamjua mama yako tu."

Darasa lilicheka, na tangu siku hiyo Kerusha hakumsalimia.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Vasantha alikuwa akienda kazini asubuhi. Akiwa mlangoni alisema, "Leo mgao ni kuanzia saa nne. Betri ile ni ya tangi peke yake. Usichomeke kitu kingine."

"Najua, Ma."

"Sijakuuliza kama unajua. Nimekuambia usichomeke."

Kerusha alitikisa kichwa kukubali, macho yakiwa kwenye simu. Alikuwa akiwangoja rafiki zake wawili, Lerushka na Prenisha, waje watengenezane nywele kwa ajili ya tamasha la shule. Walifika na mifuko yao. Hata hawajamaliza kuchana nywele, umeme ukakatika.

"Basi," Lerushka alisema, akairudisha pasi yake ya nywele mfukoni. "Tutaendelea jioni."

"Jioni ya nini? Unadhani uko kwenu?" Kerusha alisema. Alipiga magoti, akavuta ekstensheni iliyokuwa chini ya tangi, ile inayotoka kwenye betri. "Haya, leteni hizo pasi."

"Mama yako hajakataza?" Prenisha aliuliza.

"Mama anawaogopea samaki hata upepo. Samaki wanahitaji umeme wa nini, wanasoma?"

Wakachomeka pasi mbili za nywele, ya Lerushka na ya Kerusha, kisha drayer ya kukaushia nywele, kisha birika la chai. Walicheka, wakanywa chai, wakapigana picha kando ya tangi na kuwatumia wenzao waliokaa gizani. Baada ya muda inveta ilianza kulia kule gereji, tii, tii, tii. Kerusha alinyanyuka kwa uvivu, akaenda kufunga mlango wa gereji ili isiwasumbue, akarudi kuendelea na nywele.

Muda wa mgao ulikwisha, lakini umeme haukurudi. Mtaani watu walisema kuna waya umeungua kwenye kituo, na mafundi ndio kwanza wanatafutwa. Lerushka na Prenisha waliaga, nywele zao zimenyooka na kung'aa. Kerusha alipofunga geti na kurudi sebuleni, alihisi kuna kitu kimepungua. Ikamchukua muda kutambua ni nini. Mngurumo wa pampu haukuwepo. Maji yalikuwa yametulia tuli kama ya bakuli.

Kangaja alikuwa juu kabisa, pua karibu na hewa, mdomo wazi, mashavu yakipigapiga haraka haraka. Samaki wadogo walikuwa wamejibanza pembeni. Kerusha alikimbilia gereji akabonyeza kila kitufe cha inveta, akaipiga hata kofi. Haikuwaka. Alimpigia mama yake simu mara nyingi, lakini wafamasia huacha simu zao kabatini wakiwa zamu.

Alisimama sebuleni akatafuta mtu mwingine wa kumwendea, asimpate. Ndipo akatoka, akagonga mlango wa nyumba ya pili.

Tashmika alifungua akiwa ameshika kipande cha mkate uliochimbwa na kujazwa mchuzi wa maharage. Akamtazama Kerusha kuanzia nywele hadi ndala.

"Nina shida," Kerusha alisema. "Pampu zimezima. Samaki wanavuta hewa juu."

"Si mna betri?"

"Imeisha."

"Betri ya ukutani. Ile ya giza la majirani."

"Tashmika, tafadhali. Una kile kipampu chako?"

"Ninavyo viwili, na kimoja kinawahudumia hao wanaongoja mazishi." Tashmika alitafuna, akameza, asiharakishe. "Siji kwa ajili yako, ulielewe hilo. Nakuja kwa ajili ya Anti Vasantha, na samaki hawajanikosea kitu. Tafuta jagi."

Alikuja na kipampu chake, akatumbukiza mpira wake wenye jiwe dogo la mapovu. Mapovu yakapanda, lakini tangi lilikuwa kubwa mno kwa mashine ile ndogo. Tashmika akamwonyesha Kerusha jinsi ya kuchota maji kwa jagi, kuliinua juu na kuyamimina kwa kishindo ili yachukue hewa. Alipoinama kutafuta mahali pa kukanyaga, aliiona ekstensheni, na pasi ya nywele ya Kerusha ikiwa bado imechomekwa.

"Na huyu ni samaki wa aina gani?" aliuliza.

Kerusha aliinamia jagi. Aliendelea kuchota.

Walichota na kumimina mchana kutwa, mmoja akipumzika mwingine akishika jagi. Mabega ya Kerusha yaliwaka moto, na maji ya chumvi yakamkausha nywele zikawa kama katani. Alasiri kangaja alilala ubavu, akainuka, akalala tena. Hakuinuka. Tashmika alimwopoa kwa mikono miwili, akamlaza mezani na kumfunika kwa kitambaa.

"Mkubwa ndiye anayemaliza hewa haraka," alisema. "Endelea, bado wako wadogo."

Umeme ulirudi jua likielekea kuzama. Pampu zikanguruma. Matumbawe mengi yalikuwa yamejikunja, na moja la kijani lilikuwa limegeuka jeupe, lakini samaki wadogo walianza kuogelea. Tashmika alikausha kipampu chake kwa kanga ya bibi yake aliyokuja nayo begani.

"Utamwambia Mama?" Kerusha aliuliza.

"Mimi? Si kazi yangu kukusemea," Tashmika akasema, akatoka bila kuaga.

Vasantha alipofika, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, kisha kwenye kitambaa. Alikifunua, akakifunika.

"Imekuwaje?"

Kerusha alikuwa amekwisha kuichomoa ekstensheni na kuificha pasi. "Betri ilizima yenyewe, Ma. Sijui. Umeme ulipokatika tu, haikudumu."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Labda Anko Sagren alituletea mbovu. Yule naye, mwenyewe gari lake linasukumwa."

Vasantha alikuwa amechoka na moyo umemuuma. Hakuuliza zaidi. Alimpigia Sagren simu akamwambia maneno makali, kisha akawatumia ujumbe wafugaji wenzake wa samaki kwenye kundi lao la simu: betri za Sagren haziaminiki, zimemuulia kangaja.

Kesho yake asubuhi Sagren alifika na gari lake kuukuu. Alikuwa mwanamume mnene, mpole wa sauti. Alifungua mfuniko wa inveta, akapima hiki na kile, akatazama sana, akafunika.

"Dada Vasantha, kwa kweli sioni kosa," alisema. "Lakini samaki amekufa, na aliyeifunga ni mimi. Nitaiondoa, nitakuletea mpya. Gharama ni yangu."

"Ndivyo inavyopaswa," Vasantha alijibu kwa ukali.

Kerusha alisimama mlangoni akimtazama Sagren akifungua skrubu moja moja. Simu ya fundi ililia. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo, nimeuona huo ujumbe. Hapana, naelewa. Kama hutaki tena, sawa, nitakurudishia malipo yako ya awali." Akairudisha simu mfukoni. Ikalia tena. Safari hii aliitazama tu, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Jana Kerusha alikuwa amemtaja mtu huyu kwa kumcheka. Sasa alimwona akiikumbatia betri nzito kifuani, anapiga hatua fupi fupi kuelekea garini, jasho likimtoka kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliona aibu kiasi cha kutamani kurudi chumbani na kujifunika shuka. Badala yake alimfuata, akasimama kati yake na gari.

"Anko, iweke chini."

"Itaniangukia, mwanangu. Pisha."

"Iweke chini. Haina ubovu. Mimi ndiye niliyeimaliza. Tulichomeka pasi za nywele. Na drayer. Na birika. Inveta ililia, nikafunga mlango nisiisikie."

Sagren aliiweka betri chini taratibu, akajinyoosha, akashika kiuno. Vasantha alikuwa ametoka nje na amesikia yote.

"Nilidhani nimezeeka, kumbe ni nywele," Sagren alisema. Alisema bila kutabasamu.

Vasantha hakupiga kelele. Alifungua lile kundi la wafugaji kwenye simu yake, akampa Kerusha. "Ongea humo, watu wote wasikie. Taja jina lako."

Kerusha akarekodi kwa sauti yake, akieleza alichokifanya na kwamba betri ni nzima. Alipomaliza, Vasantha aliichukua simu naye akarekodi: "Na mimi nilimtangaza mtu kabla ya kuuliza. Sagren, nisamehe. Wengine wote mliosoma, mrudieni."

Wote watatu waliirudisha betri ukutani. Mchana huohuo wateja wawili walimpigia Sagren simu wakisema bado wanamhitaji. Vasantha akamwamuru Kerusha aende nyumba ya pili kushukuru, na atoe akiba yake kununua vipampu viwili vya betri za tochi, kwa sababu hata betri kubwa inahitaji msaidizi. Tashmika alizipokea shukrani akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Haya," akafunga.

Kerusha aliporudi, mama yake alikuwa analikata lile tumbawe lililokuwa jeupe, akitafuta kipande kilicho hai.

"Ma, umenikasirikia kwa ajili ya kangaja?"

"Kangaja nitamlilia, kisha yataisha. Kuchomeka pasi ni ujinga, na ujinga kila mtu ana wake." Vasantha aliweka mkasi chini. "Lakini jiulize kwa nini ulimsingizia Sagren, usimsingizie mtu unayemheshimu. Ukimdharau mtu, inakuwa rahisi kumtwisha kosa lako, maana machoni pako hana cha kupoteza. Alikuwa nacho, Kerusha. Alikuwa na jina lake kwa watu, na mimi na wewe tulikuwa tumekwisha kuanza kumnyang'anya."