Kola ya Cheti

Mtaani walimwita Mama Sindano. Maneno yake yalichoma, lakini mshono wake haukuwa na mpinzani. Kwake karatasi ngumu haikutupwa. Aliikata kuwa kipimo cha kola, akaitundika kwenye msumari juu ya cherehani.

Mumewe, fundi bomba, alifanya kazi nchi jirani. Siku moja akapiga simu.

"Mke wangu, huku kila kitu ni kompyuta. Cheti chetu cha ndoa kipige picha unitumie. Karatasi ya nini tena?"

Mama Sindano akapiga picha, akaituma. Cheti kilikuwa kigumu, kizuri. Akakikata kola.

Mwaka haukuisha, mume akaugua ghafla, akafia hukohuko. Mama Sindano alitaka jambo moja tu, amzike nyumbani. Akaenda ofisi ya vibali vya kusafirisha maiti, simu mkononi. Karani akaitazama picha, akamrudishia simu.

"Pole sana, mama. Nahitaji cheti chenyewe."

"Mbona kule wanaikubali hii?"

"Hapa sheria hairuhusu."

Alirudi akilia njia nzima. Jirani yake, mzee aliyestaafu kazi ya kutunza majalada, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, kila nchi na sheria zake. Kuna nchi ambako kumbukumbu ya kompyuta ina nguvu sawa na karatasi. Nyingine inataka karatasi yenye mhuri. Nyingine inakubali picha kwa jambo hili, inaikataa kwa lile. Kabla hujaharibu karatasi, uliza pande zote mbili."

"Nimeshaikata, shemeji."

"Kitabu cha ndoa kipo kwa msajili. Omba nakala iliyothibitishwa. Vaa viatu, twende."

Nakala ilichukua siku kumi na moja. Chumba cha maiti kule kilisubiri siku saba tu. Fundi bomba akazikwa ugenini, na watu waliomjua kwa kazi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa picha za vyeti ziko kwenye simu, na vyeti vyenyewe viko kwenye bahasha kabatini. Binti yake alipopata kazi nje hakukwama mpakani, maana mama alishauliza huku na kule. Hata wateja, akiwapima mabega, huwauliza, "Cheti chako kiko wapi?" Wanacheka. Yeye hacheki.

Kola ile aliitoa msumarini, akaitia bahashani pamoja na nakala. Jina la mumewe limekatika katikati, pale shingo inapopita.