Sauti ya Mlango wa Nyuma

Jioni hiyo Sikio alitoka mara moja tu, kwenda kununua tepu nyeusi ya kufungia nyaya. Duka liko ng'ambo ya barabara. Aliporudi alikuta gari la kijivu limeegeshwa mlangoni pa karakana yake, pua imeelekea ndani, kama ng'ombe anayelijua zizi.

Pembeni yake alisimama mwanamke aliyejifunga mikono kifuani. Mbali kidogo, karibu na rundo la matairi ya jirani, alisimama mtoto wa kike wa umri wa kuanza shule. Alilitazama gari lile kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Fundi Sikio?"

"Ndiye mimi, mama. Lakini ndio nafunga."

"Nisaidie. Nimezunguka kote, wananicheka."

Sikio si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza muziki wa magari, na katika kazi hiyo hakuwa na mshindani. Angekaa kiti cha dereva, akafumba macho, kisha akakwambia skrubu iliyolegea ni ya mlango upi. Mkewe alikuwa akisema nyumba yao haina haja ya mbwa wa ulinzi. Basi, mtu mwenye sifa kama hiyo akiambiwa wengine wameshindwa, hafungi duka. Sifa humtia mtu matatani.

"Tatizo ni nini?"

Yule mama alishusha sauti. "Spika ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Kuna sauti ndani, ila imefifia. Nataka uisafishe, isikike."

"Sauti ya nini?"

"Ya mwanangu."

Sikio alicheka. Akaangalia uso wa yule mama, akaacha.

Mama alieleza kwa harakaharaka, huku akitupa jicho pale alipokuwa mtoto. Gari lilikuwa la shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Mwaka uliopita shemeji alifiwa na binti yake, mtoto wa pekee, akawa kama mtu aliyekatwa mkono. Baadaye akanunua spika mpya, akazifunga mwenyewe, akawaletea gari lile kama zawadi. Watu wakasema huzuni imemlainisha moyo. Siku ya kwanza mtoto alipokaa kiti cha nyuma, aliitwa. Aliitwa jina lake, kutoka mlangoni.

"Akaitika 'Abee'. Tangu siku hiyo hajatoa neno, fundi. Hata akilia, machozi yanatoka, sauti haitoki."

"Na shemeji yako?"

"Nilimkaba. Akalia kama mtoto. Akasema, 'Isafisheni sauti. Ikisikika sawasawa, itarudi kwa mwenyewe.' Kesho yake alihama. Hakuna ajuaye aliko."

Sikio alitaka kusema hapana. Neno lilishafika ulimini. Lakini mtoto alikuwa anamtazama, mdomo wazi, akijaribu kusema kitu, na koo lake likipanda na kushuka bila sauti, kama bomba lisilo na maji.

"Ingiza gari," alisema.

Yule mama alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Jambo moja, fundi. Ukiitwa humo ndani, usiitike. Hata ikiwa sauti ya mama yako mzazi. Ukiitika, umeitoa sauti yako."

Giza lilikuwa linaingia. Sikio aliwasha taa ya karakana, akakaa kiti cha dereva, mama akakaa kando yake. Mtoto aligoma kulisogelea gari, akabaki mlangoni pa karakana.

Alianza kama anavyoanza siku zote. Alipiga ule mvumo wa kupimia, shhhhh, kama mvua juu ya bati, akasikiliza spika moja baada ya nyingine. Mbele kulia, safi. Mbele kushoto, safi. Nyuma kulia, safi.

Nyuma kushoto...

Hapo mvumo haukufika; kulikuwa na mnung'uniko tu. Kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa godoro.

Sikio alizima redio.

Mnung'uniko haukuzima.

Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akang'oa kava lake kwa bisibisi. Harufu ilimpiga usoni: udongo mbichi na nywele zilizoungua. Nyuma ya spika hapakuwa na waya wa kwenda kwenye redio. Waya ulishuka chini, ukaingia ndani ya soksi nyeupe ya mtoto, imejazwa kitu, mdomo wake umefungwa kwa nywele zilizosukwa. Aliigusa kwa ncha ya kidole.

Ilikuwa na joto. Joto la mwili.

Akachukua koleo.

"Usikate!" Mama alinong'ona kwa ukali. "Sauti ya mwanangu imo humo. Ukikata, imekwenda."

 Sikio alilirudisha koleo mezani. Aliunga waya mwingine, akaileta ile spika kwenye redio ili aweze kuitawala kama zile nyingine. Akarudi kiti cha mbele. Mkojo ulikuwa karibu kumtoka, lakini mikono ilikuwa inaijua kazi yake, na pengine hilo ndilo lililomfanya asikimbie.

Alishusha besi. Mnung'uniko ukapungua uzito. Akaipandisha kidogo ile sauti ya katikati, mahali ambapo maneno ya binadamu hukaa.

"...ije..."

Mama aliziba mdomo wake kwa viganja viwili.

Akakata ukwaruzo wa juu. Akapandisha tena, taratibu.

"Nije?"

Sauti ya mtoto wa kike. Nyembamba, yenye subira, kama ya mtoto anayebisha hodi chumbani kwa wazazi.

"Ni yeye," mama alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Ni yeye, fundi. Isogeze. Ilete karibu."

Kuisogeza sauti ndiyo ilikuwa sanaa ya Sikio. Spika iliyo karibu nawe hukufikia mapema kuliko iliyo mbali, ndiyo maana muziki wa magari mengi hutawanyika kama kuku. Fundi mzuri huichelewesha ya karibu, kwa nukta isiyopimika kwa saa ya ukutani, mpaka zote zifike pamoja. Hapo sauti huacha kutoka milangoni. Husimama hewani, mbele yako, kama kiumbe.

Alibonyeza kitufe. Sauti ikauacha mlango.

Akabonyeza tena. Ikaja kiti cha nyuma.

"Nije?"

Katika kioo cha kutazamia nyuma, Sikio aliona sponji ya kiti cha nyuma ikididimia. Polepole. Kama inavyodidimia mtu anapokaa.

Hapakuwa na mtu.

Alifumba macho. Alipofumba, masikio yake yakafanya kazi yaliyoumbiwa. Na hapo ndipo alipokisikia kile ambacho mama hakukisikia. Chini ya sauti ile, nyuma yake kidogo tu, kulikuwa na nyingine. Inafanana nayo kama pacha. Ila hii ilikuwa na unyevunyevu, kama imetoka mahali pasipoingia hewa.

"Nije?"

"...nami?"

 Watoto walikuwa wawili.

Alifungua mdomo amwonye yule mama. Katika pumzi ile ile, spika ya kulia, iliyo karibu na sikio lake, ikamwita.

"Baba watoto..."

Mkewe! Sauti yake kabisa, na ule uchovu wake wa jioni.

"Baba watoto, uko wapi? Mtoto ameanguka. Baba watoto, si unijibu!"

 Neno "naam" lilishapanda, limekaa nyuma ya meno. Aliuma ulimi hadi akaonja damu. Hakuthubutu kufungua mdomo, kwa sababu hakujua ni neno gani lingetoka kwanza, la kumwonya mama au la kumjibu mkewe. Alimshika mama bega, akatikisa kichwa kwa nguvu. Hapana! Hapana!

Lakini mama hakuwa anamtazama. Alikuwa amegeukia kiti cha nyuma, amenyoosha mikono.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Njoo!"

Taa ikazima.

Kimya...

Kitu kilipita gizani, kati ya viti viwili, karibu na kiwiko cha Sikio. Kikapita kingine. Mlangoni, pale aliposimama mtoto, ilisikika pumzi ndefu ya kuvuta ndani, kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Taa ikarudi.

Sikio alirukia mlango wa nyuma. Soksi ilikuwa imenywea, tupu, baridi kama chura. Aliukata waya. Spika haikusema kitu. Ilikuwa spika tu.

Mtoto alikuwa anakuja, anatembea taratibu kwenye sakafu yenye mafuta, anatabasamu. Mama alishuka akapiga magoti, akamkumbatia, akamsihi huku akilia: "Sema, mwanangu. Sema neno, nikusikie."

Mtoto alimpapasa shavu.

"Mama mdogo," alisema, "twende nyumbani. Nasikia baridi."

Mama hakumwachia. Lakini Sikio aliona mgongo wake ukikakamaa, kidogo kidogo, kama mti unaokauka. Walikaa hivyo kwa muda. Kisha mtoto akakohoa, akaangaza macho huku na huku, akaanza kulia kwa kilio cha kawaida cha mtoto aliyeogopa. "Mama! Mama, tuko wapi hapa?"

Waliondoka kwa miguu. Gari walilitelekeza pale pale. Nyumbani Sikio alimkuta mkewe na watoto wazima, hakuna aliyeanguka. Aliwakumbatia mpaka wakamshangaa.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini siku moja, saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, yule mama alirudi karakanani. Alikuwa amekonda. Mtoto alikuwa naye, akaenda kuruka juu ya yale matairi ya jirani, akicheka.

"Anaongea?" Sikio aliuliza.

"Haachi." Mama alijaribu kutabasamu. "Mchana ananiita mama. Jua likizama ananiita mama mdogo. Mwanzo nilipiga kelele, nikaita watu. Sasa naandaa sahani mbili, na zote zinaliwa. Nitamfukuza vipi, fundi? Naye ni mtoto. Nilimbeba binti huyo wa shemeji akiwa mchanga."

Sikio alifuta mikono kwa tambara.

"Ila wiki hii nimeanza kuchanganyikiwa," mama aliendelea, sauti ikishuka hadi kuwa mnong'ono. "Hata mchana sina uhakika. Sina masikio kama yako. Hebu nisikilizie, ndugu yangu. Huyo anayecheka sasa hivi... ni yupi?"

Sikio aligeuza kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Kicheko kilikuwa na ule unyevunyevu.

Kicheko kikakatika.

Alipofumbua macho, mtoto alikuwa amesimama juu ya matairi, ametulia tuli, anamtazama. Anasubiri asikie atakachosema.

"Ni wako, mama," Sikio alisema. "Ni wako."

Akaingia ndani upesi, akavuta mlango wa bati nyuma yake, asije akaulizwa tena.