Diski ya Pili ya Mwalimu Masele

Siku hiyo stendi ya Shinyanga ilifurika watu, vumbi na honi. Skolastika, ndani ya gauni lake la kitenge cha njano, akamkanyaga kijana aliyekumbatia kitu kilichofungwa kwenye sweta.

"Pole, kaka! Mtoto hajaumia?"

"Ni diski ya kompyuta, dada. Ikianguka hii, sina kazi."

Skolastika akacheka. Kumbe ndiye aliyekuwa akimtafuta! Baba yake, Mwalimu Masele, mstaafu, alikuwa akitunga kamusi ya Kisukuma, na juzi tu kompyuta ya nyumbani ilikufa na maneno ya herufi nzima. Kijana huyo, Selestine, alikuwa fundi wa kompyuta za mgodini, Geita. Jumamosi akaja, akafunga diski mbili.

"Kila unachoandika kinaingia kwenye zote mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea."

Akawa anakuja kila Jumamosi, eti kupangusa vumbi. Vumbi gani jamani, mapenzi hayo! Ila ile kamusi ilikuwa jela. Miaka minne Skolastika hajainuka kitini akiichapa, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeweza kusoma mwandiko wa mzee.

Machi 1999 Selestine akamwomba amwoe.

"Baba akimaliza, mpenzi."

"Amefika wapi?"

"M."

"Skola! Mwaka jana si alikuwa N?"

"Alikumbuka mengine ya nyuma."

Selestine akafunika kompyuta aliyokuwa akiipangusa, akaondoka bila kugusa chai. Hakupiga simu tena.

Juni, mzee akaleta madaftari mapya matatu. "Nimekumbuka maneno ya ng'ombe, mwanangu." Skolastika akahisi kuta zinamsogelea. Mzee alipokwenda Didia kumwona dada yake, akaifuta kamusi yote. Hakuwa na roho mbaya, maskini. Alitaka apumzike japo wiki moja, kisha aitoe kwenye diski ya pili. Jioni woga ukamshika, akakimbilia simu.

"Selestine, kamusi nimeifuta. Nitaitoaje kwenye diski ya pili?"

"Umefuta? Skola, nilisema moja ikifa! Ukifuta wewe, inafutika kote!"

"Mungu wangu! Nimemuua baba yangu!" Akalia kwa sauti.

Selestine akashusha sauti. "Mpenzi, usinichukie. Diski ya pili haipo huko. Ninayo mimi, kabatini."

"Nini?"

"Niliichomoa siku ile niliyoacha chai. Nilijua kompyuta italalamika kila asubuhi, utanipigia."

"Yale maandishi ya Kiingereza? Mimi nabonyeza tu yapite! Miezi mitatu nasubiri simu yako!"

"Na mimi yako."

"Mwizi mkubwa wee!"

"Wako lakini."

Skolastika akacheka huku kamasi zinamtoka.

Kesho yake Selestine akashuka na basi la asubuhi, diski ndani ya sweta lile lile. Maneno yakarudi, lakini yaliishia Machi. Mwalimu Masele alipoingia, Skolastika alimwamkia, akamweleza yote bila kuficha.

"Ya Aprili na Mei yamepotea, Baba. Nimeyafuta mimi."

Mzee akatundika kofia yake msumarini.

"Madaftari yapo," akasema. Akamvutia kiti. "Kaa, uanze."

Skolastika akakitazama kile kiti, na mto wake ulioliwa na miaka minne.

"Hapana, Baba. Selestine amenichumbia. Nimekubali."

"Na mwandiko wangu atausoma nani?"

"Wewe, Baba. Si umeuandika mwenyewe?"

Selestine akainamisha kichwa. Aliogopa hata kukohoa.

Mzee akamkazia macho binti yake mpaka mzee mwenyewe akayashusha. Akavaa miwani, akaketi kitini polepole, akafungua daftari la kwanza. Kidole kimoja kikazunguka hewani juu ya vibonye.

"Skola," akaita, "M iko wapi?"

Skolastika akamwonyesha, akiwa amesimama.