Picha Zisizo na Mkwaruzo

Walikuwepo wanne katika chumba cha maabara ya hospitali asubuhi ile: daktari wa tishu, ambaye wafanyakazi walimwita Bingwa, kwanza kwa heshima na baadaye kwa kejeli, karani aliyepiga chapa majibu, mkataji wa tishu aliyejulikana kama Mama Kisu, mwenye miaka hamsini na mbili, na mdogo wake Mama Kisu, aliyekuwa ametolewa kipande kwenye uvimbe wa titi la kushoto na sasa amekuja kusikia kama ni saratani. Wa tano, kama anahesabika, alikuwa ndani ya mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa skana: unaingiza kioo chenye tishu iliyotiwa rangi, inakipiga picha, na daktari anaitazama picha kwenye skrini badala ya kuinamia hadubini. Chombo kizuri. Ubaya ulikuwa kwa aliyekabidhiwa. Siku kilipofika, Bingwa aliamuru hadubini ipelekwe stoo, na vioo vivunjwe mara vikishapigwa picha, pamoja na vibonge vya nta vyenye mabaki ya tishu, ili apate nafasi ya kuweka kochi. Kochi!

"Safi," alisema Bingwa, miguu juu ya stuli. "Nenda nyumbani, dada. Huna kitu."

Mdogo mtu alilia kwa furaha. Karani akapiga makofi. Mama Kisu hakupiga.

Kisu chake kilikuwa na pengo dogo tangu mwezi uliopita, na kila alichokata kilibaki na mkwaruzo mwembamba, ukingo hadi ukingo. Aliuona kwenye kioo cha mdogo wake kabla hajakiingiza. Kwenye skrini haukuwepo.

"Daktari, hiyo si kazi yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mkwaruzo wangu uko wapi?"

"Mashine imeufuta. Ina akili kuliko kisu chako."

"Na hii harufu?" Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Umeme, Mama Kisu. Umeme! Wewe ungeachiwa, ungeturudisha kwenye chemli." Bingwa akacheka mpaka kitambi kikatikisika, na karani naye akacheka, maana ndiyo kazi aliyoijua vizuri zaidi.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, Mama Kisu alifunga mlango akafungua picha za mwezi mzima. Wagonjwa thelathini na mmoja, wote safi, jambo ambalo hata mwanafunzi angelishtukia, lakini Bingwa alilitangaza mkutanoni kama sifa yake. Hakuna picha yenye mkwaruzo. Aliweka mbili kando kwa kando, ini la mzee mmoja na titi la mdogo wake, na mshipa uliokatikia ukingoni mwa ini ukaendelea ndani ya titi bila kupinda hata unywele. Akaongeza ya tatu, ya nne, ya kumi, na kila moja ikajiunga na mwenzake, nyama ikafuata ngozi na ngozi ikafuata nyama, mpaka akaelewa, huku harufu ikizidi na skana iliyozimwa ikianza kuhema taratibu kama mtu aliyelala chali, kwamba alikuwa akitazama mwili mmoja tu, usio na ugonjwa wala uzee, wa kiumbe kilichokuwa kikijionyesha kipande kwa kipande kwa mpumbavu aliyekisifia, na kwamba katika picha ya mwisho, katikati ya rangi za waridi na zambarau, tishu ilikuwa ikifumbuka kama kope.

Alikimbia moja kwa moja hadi kwa mdogo wake.

"Twende ukatolewe kipande kingine, hospitali nyingine. Kesho."

"Dada, karatasi ya majibu ina muhuri."

"Ile picha si yako."

"Ya nani, basi?"

Mama Kisu alitazama mlango kwanza. "Ya jini."

Mdogo wake alicheka kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Karani alinionya. Eti unaogopa mashine itakunyang'anya kazi."

"Nakuapia, mdogo wangu."

"Kwani unataka niumwe? Niache, dada. Niache niwe mzima."

Mama Kisu alimwita mganga wa majini kwa siri. Mganga alifika mlangoni pa chumba, akanusa, akageuka bila kuaga. Mkurugenzi wa hospitali alipopata habari, alimhamishia Mama Kisu kwenye chumba cha kufulia mashuka. Bingwa alipewa mashine ya pili, na akapelekwa kufundisha hospitali nyingine jinsi ya kuvunja vioo.

Mdogo wake Mama Kisu alifariki kwa uvimbe uleule, mwezi wa nane wa mwaka huohuo, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi.