Sauti ya Jumapili kwa Hadjara

Weka mkono kifuani kwanza. Sema wallahi sitamwambia mtu, hata mume wangu, hata mama aliyenizaa. Umesema? Haya. Watu wote waliokuwa kwa Hadjara siku ile waliapishwa hivyo hivyo, mmoja mmoja, mlangoni, na habari ikafika mpaka mji wa Nyanza-Lac kabla ya swala ya isha. Basi bora uisikie hapa, iliyonyooka, kuliko ile ya sokoni iliyoongezwa mikia.

Hadjara huyu ni mjane wa marehemu Uledi. Anauza mawese soko la Rumonge, kando ya ziwa, na anakaa nyumba ya mbele katika uwanja wa ukweni, mtaa wa Waswahili. Nyumba ya nyuma, uani humo humo, anakaa wifi yake Mwasiti, dada wa marehemu, mwanamke wa tasbihi ndefu na mdomo mrefu zaidi. Uledi alipokufa aliacha televisheni kubwa na antena ya sahani juu ya bati. Yeye alikuwa mtu wa mpira. Hadjara alikuwa anatafuta taarifa ya habari, akajikwaa kwenye opera.

Usicheke. Aliona mwanamke mnene, amevaa gauni la kufagia sakafu, anafungua kinywa bila kipaza sauti wala aibu, anapayuka kwa raha zake mbele ya watu waliovaa suti, na hakuna mmoja wa kumwambia mama, tulia. Hadjara alikuwa ameambiwa atulie tangu eda. Akavuta kiti. Lugha hakuijua hata neno, lakini hadithi alijitungia mwenyewe: huyu mwembamba ni shemeji mchoyo, yule anayenong'ona kwenye pazia lazima ni wifi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya alasiri, mlango unafungwa, sauti inapandishwa, na mtaa mzima unajua Hadjara yuko kwa wazungu wake. Mwasiti, kwa kauli yake, hutia vidole masikioni mpaka iishe.

Kasoro ilianza ndogo. Jumapili moja yule mwimbaji alimaliza, akafunga kinywa, akainama, watu wakapiga makofi. Lakini sauti haikumaliza. Ilibaki humo sebuleni, chini chini, ikivuta ule wimbo kama mtu anayeburuta kanga sakafuni, kisha ikaisha. Hadjara akasema ni bati. Bati linarudisha sauti.

Jumatatu alirudi kutoka sokoni adhuhuri, jua kali, akakuta kiti chake kimelowa. Si kumwagikiwa, kimelowa kama kilichotolewa ziwani. Kwenye saruji kulikuwa na nyayo za maji kutoka mlango wa uani mpaka kitini. Za kwenda zilikuwepo. Za kurudi hazikuwepo. Na harufu: maji ya ziwa yaliyolala chunguni, na juu yake ubani.

"Wifi!" Hadjara aliita. "Nani kaingia kwangu?"

Mwasiti akatokea uani, miguu inachuruzika. "Mimi nilikuwa natawadha. Sijaona mutu." Akanusa, akashika pua. "Astaghafiru! Nimekuambia, hiyo kitu unaangalia si muziki. Ni kuita. Unaita, wanakuja."

"Nani wanakuja?"

"Unajua mwenyewe." Akashusha sauti. "Na ile ya jana ilikuwa ndefu kupita zote. Yule wa gauni jekundu alikaza sana pale mwisho."

Hadjara hakuwaza wifi mwenye vidole masikioni alilionaje gauni jekundu. Hofu inaziba akili, na Mwasiti kulowa miguu si ajabu kwa mtu. Mtaa mzima unamjua kwa kutawadha, hata kabla ya kula karanga.

Alimwita Melkiades, fundi wa televisheni, kijana mstaarabu asiyeamini kitu kisicho na waya. Melkiades alichomoa waya ukutani, akageuza televisheni, akafungua skrubu za mgongoni na kuzipanga juu ya kitambaa, akapuliza vumbi, akasema mama, hii iko nzima, haina ugonjwa, na hapo hapo, mgongo wa televisheni uko wazi na waya umelala sakafuni, sauti ikaanza, chini kabisa, kama mtu anayeimba amejifunika uso, ikapanda, ikajaa chumba, vikombe vikaanza kugongana kabatini, ile harufu ya maji yaliyolala ikaingia, na sauti bado inapanda, inapanda mahali ambapo koo la mtu halifiki, mpaka mbwa wa jirani akalia, ndipo ikakatika ghafla, kama iliyozibwa kwa kiganja.

"Mama Hadjara," alinong'ona Melkiades, anakusanya skrubu huku amepiga magoti, "hii si kazi yangu. Murakoze." Akashukuru hivyo kwa Kirundi, akaondoka bila kofia yake.

Ilipofika wiki ya tatu, shemeji Kassimu akaletwa kutoka Gatete. Kassimu ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na uwanja ni wa baba yao. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuvuka kizingiti.

"Shemeji," alisema polepole, kama anaogopa kusikiwa na kiti, "umetuletea jini kwenye nyumba ya baba. Jumapili naleta fundi wa kupunga. Jini akitoka, vizuri. Asipotoka, utatoka wewe na hiyo televisheni yako."

Nyuma yake Mwasiti alikuwa anahesabu tasbihi mbio mbio.

Hadjara akakaza kanga kiunoni. "Niliolewa hapa, nikazaa hapa, nikamzika kaka yenu hapa. Mlete fundi. Mkitaka mlete wawili. Mimi sitoki."

"Basi angalau zima!" alisema Mwasiti.

"Nikizima nitaogopa. Nikiwasha nitaogopa. Basi acha niogope huku naangalia."

Jumapili ikafika. Uwanja ulijaa, wengine waliacha kufulia. Fundi alikuwa Mzee Abasi wa Kabonga, kikongwe mwenye wapiga ngoma wawili, na jina lake linatajwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Wewe unajua majini wanavyopungwa. Kila jini ana ngoma yake. Wa ziwani hapandi kwa ngoma ya msitu, wa msitu hapandi kwa ngoma ya pwani. Fundi anapiga moja, anapiga ya pili, mpaka agonge ile yenyewe. Hapo jini anapanda kichwani mwa mtu wake, anataja jina, anasema anachotaka. Hajifichi. Hawezi kujificha ngoma yake ikilia.

Hadjara alikalishwa mkekani sebuleni, akafunikwa shuka nyeupe ya mwenye jini. Mwasiti ndiye aliyeshika chetezo cha ubani, akikizungusha kwa juhudi. Abasi akapiga ya ziwa. Kimya. Akapiga ya msitu wa Kigwena, ngoma inayofanya watu wazima wakumbuke mama zao. Kimya. Akapiga ya Wakongomani, akapiga ya pwani, jasho likimtiririka kidevuni, na chini ya shuka Hadjara hakutikisa hata bega. Alipiga chafya mara moja. Watu wakarudi nyuma. Ulikuwa ubani tu.

"Anamficha," Mwasiti alinong'ona. "Huyo ni mukaidi. Shemeji yake amutoe tu."

Kassimu akakohoa. "Mzee, tuseme imeshindikana. Shemeji, funga mizigo."

Hapo Hadjara akazungumza, humo humo ndani ya shuka. "Mzee Abasi, amahoro, tuwe na amani. Umepiga ngoma za watu wote. Ile ya huyu bado hujapiga. Alasiri imeshapita. Washa televisheni."

Watu wakaguna. Kassimu akasema haiwezekani, ni kufuru, ni kumwita tena. Lakini Abasi alikuwa ameinua uso, na machoni mwake kulikuwa na kitu kama wivu wa fundi.

"Kila jini na ngoma yake," alisema. "Mimi sikuchagua. Washeni."

Wakawasha. Ukumbi wa dhahabu ukajaa kiooni, vinanda vikaanza, na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi akasogea mbele, akavuta pumzi. Macho yote yalikuwa kwenye shuka nyeupe. Alipofungua kinywa, zikatoka sauti mbili.

Ya pili ilitoka mlangoni.

Watu waligeuka taratibu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuona, na walichokiona ni chetezo kinaanguka na makaa yanatawanyika, na Mwasiti, mwanamke wa tasbihi, anayapita makaa hayo kwa miguu mitupu na makaa yanazimika tsss, tsss, kila anapokanyaga, kwa sababu maji yanamtoka nyayoni kama chemchemi, shingo imevimba, kinywa kimefunguka kupita kinywa cha mtu, na ile sauti inatoka humo, kubwa, safi, nzuri kiasi kwamba mwanamke mmoja alianza kulia bila kujua kama ni kwa woga, mpaka akafika kwenye kiti cha Hadjara, akaketi, akajinyoosha kama mwenye nyumba.

Kassimu akaruka kuzima. Mkono wa dada yake ukamdaka kifundo cha mkono, umelowa, baridi kama jiwe la ziwani.

"Keti," alisema kwa sauti isiyo ya dada yake. "Au toka."

Kassimu akaketi. Akaketi chini, kwenye maji.

Mzee Abasi akamsogelea Hadjara, akamtoa shuka kichwani kwa heshima, akaikung'uta, na mbele ya watu wote, mashahidi wa msikiti na wa soko, akaitandaza juu ya kichwa cha Mwasiti. Chini ya shuka, wimbo haukukatika hata kidogo.

Hadjara akainuka mkekani. Akavuta kigoda, akakiweka kando ya kile kiti kilicholowa, akamgusa wifi yake begani.

"Sogea kidogo," alisema. "Unaniziba."