Kuupa Mgongo Mteremko

Ukungu uliwakuta nje ya kamba ya mipaka ya uwanja wa kuteleza kwa ubao kwenye theluji, katikati ya mteremko, na kufumba na kufumbua mlima wote ukapotea. Chizuru alimsikia bintiye akipiga ukelele mfupi huko chini.

"Sayaka!"

"Niko huku! Usisimame, kalia ubao uteleze!"

Alimkuta amelala ubavu. Ubao wake ulikuwa umenasa kwenye mianzi midogo iliyofukiwa na theluji, na goti lilikuwa limevimba tayari. Simu zao zote mbili zilikuwa zimezimwa na baridi.

Wasingefika huko kama si haya za Chizuru. Asubuhi nzima alikuwa akibwagwa na ubao kwenye kiteremko cha wanaoanza, huku watoto wa chekechea wakimpita na vicheko vyao. Alikuwa ameishi chini ya mlima huo tangu azaliwe bila kugusa ubao, na sasa, akiwa na karibu miaka hamsini, alitaka kujifunza kwa sababu moja tu: majira ya kuchipua Sayaka angehamia Sapporo kikazi. Alitaka wapate angalau kipupwe kimoja cha kucheza pamoja. Ni yeye aliyesema, "Twende mahali ambapo hakuna wa kuniona." Haya, sasa hakuna aliyewaona.

Alifungua mikanda iliyoshika miguu yake kwenye ubao ili akaite msaada kwa miguu. Hatua ya kwanza tu, akazama mpaka kifuani.

"Mama, rudi kwenye ubao! Unataka tuzikwe wote?"

"Basi nitakushusha. Ukalie ubao wako, mimi niushike."

"Ukiteleza kwa visigino utanipa mgongo. Utanishikaje?"

Chizuru alilijua jibu. Ilibidi asimamie ukingo wa ubao ulio upande wa vidole vya miguu, uso kwa mlima, ateleze kinyumenyume. Hapo ndipo alipokuwa akishindwa kila mara. Akitazama nyuma aone anakokwenda, huanguka chali.

Alilifunga goti la bintiye kwa skafu, akagawa tonge la wali lililobaki mfukoni, limeganda.

"Kula."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza. Kula."

Kisha akajifunga mikanda, akasimama chini ya Sayaka, akaukamata ubao wake kwa mikono miwili. Kwa mazoea akageuza shingo. Nyuma palikuwa peupe. Mbele pia palikuwa peupe, ila uso wa mwanawe. Hakukuwa na bonde la kuogopa. Akalegeza vidole vya miguu kidogo, na wote wawili wakaanza kushuka.

"Upepo ulipate shavu lako la kushoto," Sayaka alisema kwa meno yanayogongana. "Ukihamia usoni tumepotea."

Walishuka, wakasimama, wakashuka. Mapaja ya Chizuru yaliwaka moto. Kila alipoanguka, alianguka kwa magoti, lakini ubao hakuuachia. Kwenye miti, Sayaka alimwongoza: kulia, kulia tena, simama. Safari moja waligonga shina na Sayaka akalia kwa sauti, na Chizuru naye akalia, maana aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Mama, umekunja uso kama unakata vitunguu."

"Nyamaza wewe, mzigo."

Wakacheka, machozi yakiwaganda mashavuni. Kicheko hicho kiliwapa nguvu kuliko lile tonge la wali.

Giza lilikuwa linaanza kuingia waliposikia harufu ya mayai viza: maji ya kiberiti ya chemchemi ya moto iliyo kando ya barabara. Hawakuwa mbali tena. Muda si muda taa ya manjano ya mtambo wa kusafisha theluji ikapasua ukungu, na dereva akaruka chini. Ilibidi avifungue vidole vya Chizuru kimoja kimoja kutoka kwenye ubao.

Kabla theluji haijayeyuka, Chizuru alirudi kwenye kiteremko cha wanaoanza, mchana kweupe, katikati ya watoto wa chekechea. Sayaka alikaa juu na magongo yake. Begi lake la safari ya Sapporo lilikuwa limeshafungwa nyumbani. Mama mtu akasimamia vidole na kuanza kuteleza kinyumenyume, polepole.

"Mama, geuka! Angalia unakokwenda!"

"Nitageuka!" Chizuru alijibu kwa sauti, akizidi kwenda. "Ngoja kwanza nikuangalie wewe."